Wasomaji Wanauliza: Upekuzi wa Kazi Serikalini

Barua nyingi kutoka Nyanda za Juu Kusini safari hii zimeuliza habari za upekuzi, ule uchunguzi anaofanyiwa mtu kabla ya kukabidhiwa kazi yenye siri za serikali. Mtaani wengi huuita vetingi. Tumejibu zile zinazowagusa wengi.

SWALI: Nimemaliza stashahada ya utunzaji kumbukumbu Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Mbeya. Nasikia ukipangiwa masjala ya siri, yaani chumba cha kutunzia majalada ya siri, lazima ujaze fomu za upekuzi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Atupakisye, cha kidato cha nne Atupakise, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandikwa Atupakisya. Nitakwama? (Msomaji wa Uyole)

JIBU: Ukirekebisha mapema, dada, hutakwama. Ukisubiri fomu zifike, utakuwa unarekebisha huku wenzako wanaripoti kazini.

Tandaza karatasi zote mezani: cheti cha kuzaliwa, vya shule, cha chuo, NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), kadi ya benki. Chukua daftari, andika jina kama lilivyo katika kila karatasi, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pembeni. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo kama NIDA ilikosea mwaka, kosa hilo unatembea nalo ndani ya namba yenyewe na anayesoma ataliona mara moja. Majina ya kwetu huumia sana hapa: "sye" hugeuka "se", L hugeuka R, na Mwa- ya ukoo huachwa na karani mwenye haraka.

Cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kurekebishwa, basi zilizobaki zifuate hicho. Anza na RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, kwa cheti cha kuzaliwa, kisha nenda ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na cheti kilichorekebishwa. Ukienda NIDA kwanza utarudishwa, kwa kuwa watakuuliza msingi wa mabadiliko.

Wengi huchanganya hati mbili. Hati ya kiapo, unayoapa mbele ya kamishna wa viapo, inasema majina yote haya ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi. Hati ya kubadili jina inasema jina la zamani nimeliacha, sasa natumia hili, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wewe uliyekosewa herufi unahitaji kiapo. Aliyeacha jina moja akachukua jingine anahitaji ya pili. Ukipeleka isiyo yako, utalipa wakili mara mbili.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hukuliuliza, ila wengi wanalo moyoni: waliorudia darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine. Aliyefanya mitihani mwenyewe kwa jina la kuazima ana maelezo ya kutoa, na ayatoe kwa maandishi kupitia wakili kabla ya kuajiriwa. Anayetumia cheti cha mtu mwingine hana kiapo kitakachomwokoa. Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wapo waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi bila kuguswa.

SWALI: Mimi ni wa Tunduma. Shangazi na binamu zangu wako Nakonde, Zambia, na baba mdogo anaishi Karonga, Malawi. Nikiwaandika kwenye fomu si nitaonekana mtu wa nje? (Msomaji wa Tunduma)

JIBU: Waandike wote. Wanyamwanga wako Tunduma na Nakonde, Wanyakyusa wa Kyela wana ndugu zao Wangonde ng'ambo ya Mto Songwe. Anayepekua mtu wa mpakani analijua hilo, na fomu isiyo na hata ndugu mmoja wa ng'ambo ndiyo itakayomshangaza. Kwa kila mmoja weka jina kamili, undugu wenu, anakoishi, kazi yake, na mnawasiliana mara ngapi.

Kinachoharibu ni kadi. Wapo waliochukua kitambulisho cha taifa cha Zambia wakiwa vijana ili wasome au wafanye biashara Nakonde bila usumbufu. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kama unayo kadi ya namna hiyo, usiichome moto, maana rekodi ilikotolewa haiungui. Nenda Uhamiaji ukaeleze ilivyopatikana, uombe maelekezo kwa maandishi, kisha kwenye fomu useme ukweli uleule.

Angalizo kwa wote waliozaliwa kabla mikoa haijagawanywa. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Aliyezaliwa Vwawa mwaka 1991 cheti chake kinasema Mbeya, na hakijakosea. Andika "Mbozi, Mbeya (sasa Songwe)". Wa Makete aandike "Makete, Iringa (sasa Njombe)". Ukiandika Songwe peke yake, fomu na cheti vitapingana bila sababu yoyote.

SWALI: Nimechukuliwa alama za vidole polisi kwa ajili ya cheti cha tabia njema, zikarudishwa kuwa hazisomeki. Nachuma chai. Nifanyeje? (Msomaji wa Mufindi)

JIBU: Mikono ya kazi ndiyo hukumbwa na hili: wachuma chai, mafundi uashi, wafyatua matofali. Vile vimistari vya ncha za vidole husagika, na baridi ya Juni na Julai huzidisha nyufa. Ngozi hujirudisha yenyewe ukiipumzisha. Kwa wiki moja au mbili kabla ya siku hiyo, punguza kazi ya mikono au vaa glavu, na kila usiku paka mafuta ya mgando kwenye ncha za vidole. Siku yenyewe usipake kitu. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha kabisa. Mkono wenye mafuta huvuruga wino, na uliokauka mno huacha alama hafifu.

Wakati wa kuchukuliwa, legeza mkono umwachie askari auongoze. Kila kidole hubingirishwa mara moja, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Ukisaidia kukandamiza, wino hujaa katikati ya vimistari na kuwa doa jeusi. Angalia karatasi kabla hujaondoka: kama huoni vimistari kwa macho yako, omba kwa heshima irudiwe palepale. Mwenye kovu au kidole kilichokatika aseme, ili iandikwe kwenye karatasi.

SWALI: Nilishapita upekuzi, niko masjala ya siri ya ofisi moja hapa Iringa. Ni mambo gani humwondoa mtu? (Msomaji wa Kihesa)

JIBU: Simu na madeni, kwa tunavyoona sisi. Dokezo, yaani andiko la ndani ya ofisi, hupigwa picha "nimtumie bosi haraka", picha inaingia kundi la WhatsApp, na kabla ya jioni iko Makambako. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inafanya kutoa siri kwa asiyehusika kuwa kosa la jinai. Simu ibaki nje ya masjala. Usichapishe barua ya ofisi kwenye duka la stesheneri, kwa kuwa nakala hubaki kwenye kompyuta ya watu. Barua ya siri iwekwe kwenye bahasha mbili: ya ndani ina muhuri wa siri, ya nje ina anwani tu. Jalada likitoka, liandikwe kwenye rejista saa ileile, hata kama anayelichukua ni mkubwa wako.

Deni la benki linalokatwa kwenye mshahara na kukuachia theluthi moja kama utaratibu unavyotaka halina tatizo. Hatari ni mikopo ya kausha damu, ile ya kuacha kadi ya benki kwa mkopeshaji. Mtu anayekudai namna hiyo anaweza kukuomba chochote. Umeshaingia? Mwambie mkuu wako wa utawala kabla mkopeshaji hajafika getini. Ukioa, ukiolewa, au ukitaka kusafiri nje ya nchi, toa taarifa kwa maandishi na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

SWALI: Kwenye fomu za upekuzi nimemtaja mwenyekiti wa mtaa kuwa mdhamini. Inatosha? (Msomaji wa Soweto, Mbeya)

JIBU: Kama anakufahamu. Wenyeviti walichaguliwa upya Novemba 2024, na watendaji huhamishwa. Mdhamini anayejibu "huyo simkumbuki" ni mbaya kuliko kutokuwa naye. Chagua jirani au mwalimu wa miaka mingi, hakikisha namba yake inapatikana, na umwarifu.

SWALI: Kuna mtu anadai laki tatu apitishe upekuzi wangu. (Msomaji wa Njombe)

JIBU: Usimpe. Upekuzi hauna ada, na rushwa utakayotoa leo ndiyo itakayoandikwa kwenye jalada lako. Pigia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo.