Boti ya futi 15: nifunge mashine ya farasi 40 iliyotumika au 15 mpya?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Tanga. Nimepata boti ya faiba, urefu futi 15, upana futi 5 na nusu. Mwenyewe anaiuza pamoja na mashine ya tustroki (ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli) ya farasi 40 aliyokuwa akiitumia. Mimi naitaka kwa kuvua mshipi Jumamosi, na mara moja moja kupeleka familia visiwa vya Toten na Ulenge. Tuko watano. Kuna duka lina fostroki mpya (isiyochanganyiwa oili) ya farasi 15, na bei yake inakaribiana na anayoitaka huyu kwa ile 40 peke yake. Rafiki zangu wote wanasema nichukue 40, eti nguvu haikatai kazi. Nichukue ipi? Nikague nini? Na je, kuisuuza mashine kwa maji baridi kunatosha kuitunza? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, hiyo 40 muachie mwenyewe. Nunua boti peke yake kama ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, ni mzima, kisha ufunge 15.

Rafiki zako wanahesabu nguvu tu, hawahesabu uzito. Tustroki ya farasi 40 ina kilo 70 na zaidi. Hiyo 15 ina kilo kama 50. Sasa weka nyuma huko huko tangi la lita 25, na wewe mwenyewe umekaa tezi umeshika mkono wa usukani, kwa sababu mashine hizi wengi huziendesha kwa mkono. Chombo cha futi 15 kitakaa omo (mbele) juu, tezi chini, na siku utakayokata moto ghafla wimbi lako mwenyewe litakufuata na kuingia kwa nyuma. Nimeona boti zikijaa maji hivyo bahari ikiwa shwari kabisa, hata upepo hakuna.

Halafu kuna mafuta. Tustroki ya 40 ikifunguliwa moto wote hunywa lita 18 hadi 20 kwa saa, na oili juu yake. Fostroki ya 15 hunywa lita 5 au 6. Kwa mtu anayetoka kujiburudisha, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Jumamosi utatoka au utabaki barazani.

Sitakuficha upungufu wa 15. Mkiwa wawili na sanduku la barafu, chombo kitapanda juu ya maji na kwenda vizuri. Mkiwa watano hakitapanda, kitakata maji taratibu, noti (maili za baharini kwa saa) kama 5 hivi. Toten iko humo humo ghubani, haina shida. Ulenge ni mbali zaidi, kwa hiyo miezi ya kusi nendeni alfajiri na mrudi kabla upepo wa mchana haujashika. Ukiona lazima familia nzima iende na mwendo uwepo, tafuta 25. Ikiwa tustroki, uzito wake haupishani sana na wa hiyo 15, na mafundi wa kuitengeneza wamejaa pwani yote.

Kuhusu idadi ya watu, boti nyingi zinazoundwa huku hazina kibao cha kiwandani. Marekani wana hesabu nyepesi kwa vyombo vya chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, gawanya kwa 15. Yako inatoka 5.5, yaani watu watano, na hapo bahari iwe imetulia. Kwa hiyo ninyi watano ndio mwisho wake. Shemeji akitokea ghafla na kapu lake, abaki ufukweni.

Sasa ukaguzi. Anza na ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa, maana ndiko boti za faiba zinakofia. Ndani ya faiba huwa kuna plaiwudi, na maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, mbao huoza kimyakimya huku nje rangi inang'aa. Chukua mpini wa nyundo, gonga kidogo kidogo kutoka kona hadi kona. Pazima hulia kwa mlio mkavu, wa juu. Palipooza hujibu kwa sauti butu. Kisha, mashine ikiwa bado imefungwa, inyanyue juu, shika mguu wake karibu na propela, sukuma juu chini kwa uzito wako huku mwenzako akitazama ubao. Ubao ukicheza, au nyufa ndogo zikafunguka pembeni, boti hiyo inahitaji tezi mpya. Kazi hiyo inafanyika, lakini ni ya fundi faiba na gharama yake itolewe kwenye bei. Fungua pia bolti moja ya chini. Yakichuruzika maji ya kahawia tunduni, huhitaji kugonga tena.

Pima na urefu wa ubao huo, kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa ya chombo. Mashine huja na mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20, na lazima ulingane na ubao. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo au lishuke kidogo tu, kama inchi moja. Likiwa juu mno, propela itakamata hewa, mashine itapiga kelele bila kwenda, na mdomo wa kunyonyea maji ya kupoza nao utanyonya hewa. Wengi huuziwa mashine ya mguu mfupi kwa ubao mrefu kwa sababu bei ilikuwa rahisi, halafu wanashangaa kwa nini inachemka.

Hiyo 40 kama bado inakuvuta, basi usiinunue kwa kusikiliza mlio. Mwenye mashine huiwasha kabla hujafika. Shika kichwa cha mashine, kikiwa cha moto mwambie mwenyewe utarudi kesho. Fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo, wa kila silinda. Namba zenyewe si muhimu kama kulingana kwake, na zikipishana zaidi ya asilimia 10 kuna jambo. Legeza skrubu ya chini ya giaboksi, itoe oili kidogo kidoleni. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti ya propela ukakata sili, ule mpira unaozuia maji. Funua kifuniko, tafuta chumvi iliyoganda kandokando ya gasketi ya kichwa. Na usome namba ya mashine kwenye kibao cha mabano yake. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Mashine za wizi zinazunguka pwani na ziwani pia, na ukikamatwa nayo kujieleza ni kazi. Hata hiyo mpya hifadhi risiti yake, na ukiuliza usajili wa chombo, kwa Bara ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania.

Nije kwenye maji baridi. Kusuuza ni lazima, ila hakutoshi, na wengi husuuza vibaya. Maji ya bahari hupita ndani ya mashine kuipoza, na ukizima moto, yaliyobaki hukauka na kuacha chumvi kwenye njia nyembamba. Chumvi hiyo haionekani. Utaiona siku mashine inapokojoa kidogo, yaani lile tundu la nyuma linalotoa maji limeanza kutoa uzi badala ya mkondo. Njia nzuri ya ufukweni ni pipa lililokatwa: toa propela, tumbukiza mguu maji yapite lile bapa, weka gia huru, washa kwa mwendo wa chini dakika 10 hadi 15. Muda huo ni ili themostati, ile vali inayofunguka kwa joto, ifunguke na maji baridi yafike kichwani. Ukisuuza dakika mbili umeosha mguu tu. Mashine mpya nyingi zina tundu la kuunganishia mpira wa bomba. Hilo ni zuri, lakini ukilitumia mashine iwe imezimwa, kwani impela, ile feni ya pampu ya maji, haipati maji kwa njia hiyo, na impela ni mpira, ikizunguka kavu kwa sekunde chache tu huanza kuungua.

Impela ibadilishe kila mwaka, hata kama inakojoa vizuri. Mchanga wa kina kifupi unaila, nawe utapita kwenye mafungu ya mchanga kila safari. Oili ya gia kila saa 100 au miezi sita: fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, imwagike. Oili mpya iingie kwa chini hadi itokee juu, na zile gasketi ndogo za skrubu ziwe mpya. Ikijazwa kwa juu hubaki na hewa katikati. Oili ya injini ya fostroki iwe ile ya vyombo vya majini, yenye alama ya FC-W. Ukija kuchukua tustroki siku moja, basi tafuta TC-W3, achana na oili ya pikipiki.

Petroli ya madumu ipitishe kwenye chujio linalotenga maji. Kabureta ya fostroki ndogo ina vitundu vyembamba sana, na mwezi mmoja wa kukaa bila kutumika unatosha kuviziba. Ukijua hutoki wiki kadhaa, chomoa mpira wa mafuta ukiwa kwenye pipa, iache ijizime yenyewe.

Kipande cha zinki kilichofungwa karibu na propela kiache kiliwe na maji ya chumvi badala ya mashine, ndiyo kazi yake, na kikifika nusu weka kingine. Kisipakwe rangi. Hapo hapo nikuonye: fundi wa rangi atakayepaka chini ya boti yako dawa ya kuzuia viumbe wasigande, atataka kumalizia kopo kwenye mguu wa mashine. Mkataze. Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, na shaba ikikutana na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu. Mguu unyanyue kila unapotia nanga, hautahitaji dawa.