Kipato kikiwa mara mbili, je, hewa ukaa nayo huwa mara mbili?

SWALI: Tunaishi Langoni, Lamu, watu saba nyumba moja. Zamani tukipikia mkaa. Sasa mume wangu ana mashua ya kubeba wageni, kipato kimekuwa karibu mara mbili, na tumenunua mtungi wa gesi na friji. Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba mwenye pesa nyingi ndiye anayechafua hewa zaidi. Je, hewa ukaa yetu nayo imekuwa mara mbili?

JIBU: Hapana, dada yangu, na jikoni huenda hata imepungua.

Alichofundishwa mwanao ni kweli ukiitazama dunia nzima. Asilimia 10 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi husababisha karibu nusu ya hewa ukaa itokanayo na matumizi ya watu. Nusu ya watu wote, wale wa kipato cha chini, huchangia takriban sehemu moja tu ya kumi. Lakini kwa nyumba moja, kipato peke yake hakitoshi kupiga hesabu. Lazima tuone pesa imenunua nini.

Anza na jiko. Kilo 1 ya mkaa wa tanuri la udongo hula kuni kilo 5 hadi 10, na tanuri lenyewe hutoa methani, gesi inayoongeza joto kuliko hewa ukaa. Miti isipoota tena, hasara hiyo yote inaingia kwenye hesabu ya chakula chenu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha umetoa takriban kilo 18 za hewa ukaa.

Friji isikutie wasiwasi. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Ule mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa mwaka 2019, ungeharibu hesabu hiyo, kwani uniti 1 ya umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa. Nawashukuru kwa dhati watu wa Lamu walioupinga.

Penye uzito ni mashua. Lita 1 ya petroli hutoa kilo 2.3. Mashine ikila lita 10 kwa siku, hizo ni kilo 23, zaidi ya mtungi wenu mzima wa gesi! Hata hivyo, katika hesabu ya matumizi, mafuta ya kumpeleka mgeni huandikwa kwa mgeni aliyelipa safari. Mkienda harusini Pate kwa mashua hiyo hiyo, hayo ni yenu.

Basi uangalie shilingi zitakazofuata. Nyumba zikipata nafasi, upishi na taa haviongezeki sana. Safari ndizo huongezeka: pikipiki, gari, kisha ndege.

Mwambie mwanao aandike matumizi ya mwezi mmoja. Lita za petroli ya nyumbani azidishe kwa 2.3, kilo za gesi kwa 3, uniti za umeme kwa takriban 0.1. Ajumlishe, kisha agawanye kwa saba, maana jiko na friji mnatumia nyote. Halafu afanye hivyo hivyo kwa mkaa wa zamani, akianzia kwenye kuni zilizochomwa.