Maswali ya Wasomaji: Fulana ya L Iliyonibana

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua fulana za mitumba gulioni, na saizi yangu ni L, wala sikumbuki lini nilikosea. Mwezi uliopita niliona fulana mpya za kupendeza katika ukurasa wa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, nikaagiza tatu za L, nikalipa kwa simu, zikaletwa kwa basi. Zote zinanibana kifuani na mabegani, na ile niliyoifua imekuwa fupi kiasi kwamba nikiinua mkono kuandika ubaoni, tumbo huonekana mbele ya wanafunzi. Muuzaji anasema saizi nilichagua mwenyewe. Je, kosa ni langu, na siku nyingine nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, kosa unalo, lakini ni kosa ambalo wengi wetu tunalo: uliiamini herufi. Hakuna urefu wala upana mmoja unaoitwa L duniani kote, kwa kuwa kila kiwanda hujipangia vipimo vyake kwa kufuata miili ya watu wa soko kinalolishonea. Mitumba uliyoizoea kwa sehemu kubwa ilishonwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani, ambako L hukatwa kwa upana, ilhali fulana mpya zinazouzwa mitandaoni nyingi hutoka China, na zile zilizokatwa kwa vipimo vya soko la huko huwa ndogo kwa saizi moja, pengine hata mbili. Wewe ulijifunza saizi yako katika soko moja, ukaitumia katika soko jingine.

Dawa yake ni futi ya fundi cherehani. Chagua katika kabati lako fulana moja unayoipenda, ambayo imekwisha kufuliwa mara nyingi na haitabadilika tena, uitandaze mezani bila kuivuta, kisha upime mambo matatu: upana kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka pale bega linapokutana na shingo hadi kwenye pindo, na umbali kati ya mshono wa bega moja na wa bega la pili. Andika namba hizo katika simu yako. Kuanzia hapo huna haja ya kumwambia muuzaji kwamba unavaa L. Mwambie unatafuta fulana yenye upana wa sentimita 55 na urefu wa sentimita 72, au namba zozote utakazozipata, naye akupe herufi inayolingana nazo.

Majedwali ya saizi yasomwe kwa uangalifu. Baadhi huandika upana wa fulana iliyotandazwa, baadhi huandika mzunguko wake wote, na mengine hutaja mzunguko wa kifua cha mvaaji, si wa nguo. Mtu mwenye kifua cha sentimita 100 akivaa fulana yenye mzunguko wa sentimita 100 hatapumua vizuri. Anahitaji nafasi ya sentimita 8 hadi 12 zaidi ili kitambaa kisigande mwilini, hasa katika joto letu. Tena angalia kama namba ni za inchi, kwa maana inchi 21 ni zaidi kidogo ya sentimita 53. Kama hakuna jedwali, mwombe muuzaji aitandaze fulana yenyewe, aweke futi juu yake, na akutumie picha iliyopigwa mchana, kwa sababu picha za matangazo mara nyingi hutoka kiwandani, na fulana inayoonekana kumkaa vizuri yule kijana wa tangazo huenda imebanwa mgongoni kwa vibanio. Muuzaji asiyetaka kupima bidhaa yake mwenyewe, mimi ningeacha fedha yangu mfukoni.

Ukilazimika kuchagua kati ya namba hizo tatu, shikilia ile ya mabega. Fundi anaweza kupunguza ubavu na kukata urefu kwa muda mfupi, lakini bega lililo finyu hana cha kulifanyia. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia, isipokuwa kama fulana imeshonwa makusudi kwa mtindo wa kupwaya.

Kuhusu ile iliyofupika, kitambaa cha pamba ambacho hakikusinyazwa kiwandani hurudi kinapofuliwa, na kwa urefu kinaweza kupoteza kiasi cha asilimia 5. Fulana ya sentimita 70 hubaki na 66 na nusu, na hizo tatu na nusu ndizo zilizokuumbua ubaoni. Uliza kama kitambaa kimekwisha kusinyazwa. Usipopata jibu la kueleweka, ongeza sentimita tatu au nne katika urefu unaoutaka, na ukiifua tumia maji baridi. Uliza pia uzito wa kitambaa, ambao hutajwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba: gramu 150 ni nyepesi na huweza kuonyesha mwili ikiwa nyeupe, 180 inafaa kwa kazi ya kutwa, na kuanzia 220 utaiona nzito mchana wa Morogoro.

Kwa zile tatu ulizokwisha kulipia sina tumaini kubwa, kwa kuwa hamkukubaliana lolote kuhusu kubadilisha. Kabla ya kulipa tena, pata kwa maandishi ahadi ya kubadilishiwa saizi, na mkubaliane nani atalipa nauli ya kifurushi kwenye basi.

SWALI: Assalaam aleikum. Tangazo lilisema pamba asilimia 100, lakini fulana niliyoletewa inanitoa jasho vibaya. Nitajuaje ukweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Tazama kwanza lebo ya ndani, ambayo siku nyingine uombe picha yake kabla ya kulipa. Kisha ifinye fulana kwa nguvu kiganjani kwa muda mfupi: pamba hujikunja, poliesta hunyooka upesi. Ukitaka hakika zaidi, chomoa uzi mdogo kwenye pindo la ndani na uuchome. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, ilhali wa poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, na uliochanganywa huonyesha dalili zote mbili. Ushike kwa kibanio cha chuma, juu ya karai lenye maji, mbali na fulana yenyewe.