Kabla ya sola, kagueni paa la hekalu

Nimekusoma ndugu, hekalu lenu la Kibuddha liko katikati ya mji, jengo la zamani, unataka kusaidia likarabatiwe kwa njia rafiki kwa mazingira ila mfuko mdogo. Ongea na watawa kwanza, halafu mtafute injinia akague paa, maana mkifunga sola juu ya mbao zilizooza mtakuja kufungua paneli zote tena. Taa wekeni LED, zile zinazokula umeme kidogo, hiyo fasta tu. Ukumbi wa kutafakari unajaa moshi wa ubani sasa msizibe kila upenyo eti mnazuia joto, hewa itatokea wapi? Vigae vikiwa vya asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, msiviguse kabisa, hiyo kazi ya fundi mwenye leseni. Na jengo likiwa la urithi wa kihistoria, kibali kwanza. Mchango wako utaje ni wa kazi gani, omba na risiti.