Maswali ya Wasomaji: Nani Hasa Aliijenga X-Men ya Claremont na Byrne?

Mwezi huu barua nyingi zinahusu jarida moja la katuni: X-Men ya kampuni ya Marvel, kuhusu kundi la mashujaa wenye nguvu za ajabu, kuanzia toleo la 108 (Desemba 1977) hadi la 143 (Machi 1981), yaani kipindi ambacho Chris Claremont aliandika na John Byrne akachora. Wasomaji wanakipima upya kipindi hicho na hawakubaliani. Tumechagua barua sita.

Katika mijadala ya mashabiki, wengine wanamsifu Byrne kana kwamba Claremont alikuwa karani wa kujaza maneno tu. Wengine wanasema Byrne alikuwa mkono, Claremont ndiye aliyekuwa kichwa. Nani mkweli?

Hakuna. Pande zote mbili zinasahau jinsi Marvel walivyotengeneza katuni miaka ile. Mchoraji hakupewa hati iliyoandikwa fremu kwa fremu. Yeye na mwandishi walikubaliana kisa, kisha mchoraji akakigawa mwenyewe katika kurasa 17: nani asimame wapi, pigano lichukue kurasa ngapi, fremu ipi ipewe nafasi kubwa. Michoro ya penseli ilipokamilika ndipo mwandishi alipotunga mazungumzo na maelezo. Byrne, basi, alikuwa mtunzi wa kisa kwa kiasi kikubwa. Claremont naye alikuwa na neno la mwisho, maana alichokiandika kiliingia baada ya Byrne kuweka penseli chini.

Mfumo huo ulizaa ugomvi, na mfano wake mashuhuri ni kisiki cha mti. Katika toleo la 140 Colossus, jitu la chuma la kundi, anang'oa kisiki. Byrne alimchora aking'oa bila taabu. Maneno ya Claremont yakamfanya aonekane anahangaika. Byrne ameeleza kwamba hapo ndipo uvumilivu wake ulipokwisha. Mtu anaweza kucheka, kwamba mshirika aondoke kwa ajili ya kisiki, lakini lililogombaniwa lilikuwa zito: nani anamjua mhusika, anayemchora au anayemsemea?

Mvutano huohuo ulileta mazuri. Claremont hakuwa na haja kubwa na Wolverine na alikuwa tayari kumwondoa. Byrne, aliyekulia Kanada, hakukubali Mkanada pekee wa kundi atupwe. Fuatilia uone: toleo la 109 serikali ya Kanada inamtuma mtu kumrudisha Wolverine, 120 na 121 linakuja kundi zima, Alpha Flight, kwa kazi hiyohiyo, mwisho wa 132 wenzake wote wametekwa na yeye yuko kwenye maji ya mtaro, peke yake, akiwa na hasira. Hiyo ni mipango ya Byrne. Ukitafuta mkono wa Claremont, tazama Ororo (yaani Storm) na Jean Grey, wanawake wawili wa kundi, wanapozungumza bila mtu kurushiana ngumi. Wachoraji wachache wa wakati ule wangetoa nafasi kwa mazungumzo kama hayo, na Byrne aliitoa.

Kuna masahihisho mawili ya hesabu. Mashabiki hupenda kusema Byrne alichora matoleo 36 mfululizo. Alichora 35, kwa sababu toleo la 110 lilichorwa na Tony DeZuniga pamoja na Dave Cockrum. Pili, sehemu kubwa ya kile tunachokiita "sura ya Byrne" ni wino wa Terry Austin, aliyepitisha wino juu ya penseli za Byrne: mistari myembamba, makali ya vyuma, vifaa vilivyojaa nyuma ya wahusika hadi kwenye kona za fremu. Jaribio lake ni rahisi. Toleo la 118 lilitiwa wino na Ricardo Villamonte. Liweke kando ya 119, ambalo Austin amerudi, uangalie nyuso na mitambo tu. Penseli ni ya mtu yuleyule, ila ukurasa ni mwingine kabisa. Mwongeze Tom Orzechowski, mwandika herufi aliyeweza kuyapanga maneno mengi ya Claremont yasiizibe michoro, na Glynis Wein aliyepaka rangi, utaona kwamba kumtafuta mwenye kazi mmoja ni kupoteza muda.

Na msimpe Byrne cha Cockrum. Storm, Nightcrawler na Colossus ni wa Len Wein na Dave Cockrum, tangu Giant-Size X-Men ya 1975. Vazi la Phoenix, yaani Jean baada ya kupata nguvu mpya, ni la Cockrum. Himaya ya Shi'ar ya anga za mbali na maharamia wa Starjammers pia ni kazi ya zama za Cockrum. Claremont na Byrne walileta wahusika kama Kitty Pryde, Emma Frost, Sebastian Shaw, Proteus na Alpha Flight. Orodha nzuri, haihitaji kuongezewa vya jirani.

Nimejaribu kusoma nikashindwa. Maneno yamejaa kila mahali. Mtu anaruka hewani huku akieleza aya nzima. Je, huu si uandishi mbaya?

Mara nyingine ni mbaya, tukubali. Kuna fremu ambazo mchoro umeshasema kila kitu na maelezo yanarudia tu.

Ila kumbuka sababu. Jarida liliuzwa kwenye vibanda vya magazeti, na msomaji wa mwezi huu huenda hakuona la mwezi uliopita. Hadi toleo la 111 lilitoka kila baada ya miezi miwili. Kuanzia 112 ndipo likaanza kutoka kila mwezi. Kwa hiyo kila toleo lilibidi limtaje upya kila mtu, nguvu zake na shida yake, ndani ya kurasa 17. Ukisoma matoleo kumi kwa usiku mmoja, utambulisho ule unakuchosha kwa sababu haukuandikiwa usomaji wa namna hiyo. Soma mawili au matatu kwa siku. Ukifika kwenye pigano, pitia kwanza michoro ya ukurasa mzima bila kusoma viputo, halafu rudi juu usome. Byrne alipanga kurasa zake zieleweke hivyo, kwa kuwa alizichora kabla maneno hayajakuwepo.

Nimeambiwa nianze na 129 hadi 137, mkasa wa Dark Phoenix, mengine niyaache. Ni ushauri mzuri?

Ni ushauri unaoharibu mkasa wenyewe.

Anguko la Jean Grey, anayegeuka kuwa Dark Phoenix, halianzii 129. Katika 113, baada ya pambano na adui wao Magneto huko Antaktika, kundi linagawanyika: Jean na Beast wanaamini wenzao wamekufa, na wenzao wanaamini hao wawili ndio waliokufa. Walionaswa upande wa pili wanapitia Savage Land, nchi ya dinosaria, Japani na Kanada kabla ya kurudi nyumbani. Hawakutani na Jean hadi 125 na 126, kwenye kisiwa cha Muir huko Uskoti. Katika pengo hilo Jean anaomboleza, yuko mbali na mpenzi wake Scott, kiongozi wa kundi, na mtu mtanashati aitwaye Jason Wyngarde anapata nafasi ya kumkaribia na kumtia akilini ndoto za karne ya 18. Anayeanzia 129 anamwona Jean ameshatekwa bila kujua mlango ulifunguliwa lini. Halafu analalamika kwamba alibadilika ghafla.

Njia fupi isiyoharibu kitu: Giant-Size X-Men toleo la 1, kisha 94 na 95, 100 na 101, Jean anaporusha chombo cha anga kupita katika mionzi ya jua na kuibuka Phoenix, 107 na 108, 111 hadi 138 bila kuruka, kisha 141 hadi 143. Toleo la 110 liache, hupotezi chochote. La 138 usiliache hata kama ni mazishi na kumbukumbu tupu, kwa sababu Scott anaondoka humo, na katika 139 Ororo ndiye kiongozi.

Je, kifo cha Jean kilipangwa tangu mwanzo? Na je, wanaosema hadithi ile inamwadhibu mwanamke kwa kuwa na nguvu wana hoja?

Hakikupangwa. Katika 135 Phoenix anaimeza nyota, na sayari ya D'Bari inateketea pamoja na wakazi wake, watu bilioni tano. Mwisho ambao Claremont na Byrne waliuandaa kwa ajili ya 137 ni kwamba Shi'ar wangemnyang'anya Jean nguvu zake kwa kuichezea akili yake, kisha angerudi nyumbani akiwa hai. Jim Shooter, mhariri mkuu, alikataa: aliyeua sayari nzima hawezi kurudi nyumbani kama aliyeponywa mafua. Kurasa za mwisho zikafanywa upya, na Jean akajiua mwezini mbele ya Scott. Mwisho wa kwanza haukupotea. Marvel waliuchapisha mwaka 1984 kwa jina la Phoenix: The Untold Story. Uweke kando ya 137 ulinganishe.

Kwa maoni ya safu hii, Shooter alikuwa sahihi, ingawa mashabiki wengi hawapendi kulisikia hilo. Mwisho wa awali umechorwa vizuri lakini unamwacha Jean akiwa mgonjwa anayeamuliwa na wengine. Katika mwisho uliochapishwa anachagua mwenyewe.

Hoja ya adhabu ina uzito. Aliyemvuruga Jean kwa makusudi ni Wyngarde. Anayekufa ni Jean. Mavazi ya wanawake wa Hellfire Club, klabu ya maadui wa kundi, sidiria ngumu na buti ndefu, yanafanya kurasa za 132 hadi 134 zisomeke leo kwa namna ambayo huenda watunzi hawakuikusudia. Hata hivyo, anayesema jarida zima liliogopa wanawake wenye nguvu aeleze kwa nini miezi miwili baadaye Ororo anakabidhiwa kundi bila makelele, na kwa nini toleo la mwisho la Byrne, la 143, ni la Kitty tu, msichana mdogo peke yake ndani ya jumba usiku wa kuamkia Krismasi akiwindwa na pepo, na anamshinda kwa akili yake.

Lililoharibu zaidi lilikuja mwaka 1986, Jean alipokutwa hai ndani ya kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, na tukaambiwa aliyekufa mwezini alikuwa nguvu ya Phoenix iliyojigeuza kuwa yeye. Mojawapo ya matoleo yaliyomrudisha, Fantastic Four la 286, ni la Byrne mwenyewe! Unaposoma 101 hadi 137, jifanye hujasikia habari hizo. Watunzi wa wakati ule waliamini wanamwandika Jean, na kila fremu inasema hivyo.

Storm anatajwa kuwa na asili ya Kenya. Kuna kitu cha kweli humo?

Kidogo. Toleo la 102 linasema alizaliwa New York, baba Mmarekani, mama yake N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Wazazi wakafa Cairo nyumba ilipoangukiwa na ndege, na mtoto akafukiwa chini ya kifusi. Ndiyo asili ya hofu yake ya mahali pafinyu, na Claremont anaitumia vizuri miaka mingi. Katika 117 Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anakumbuka Cairo, mtoto mwizi akimchomolea pochi, na mtoto huyo ni Ororo.

Kenya yenyewe ni pazia tu. Kwenye Giant-Size wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua, hawana majina wala mambo yao. Hata jina la mama, lenye alama ile baada ya N, ni mazoea ya Waingereza na Wamarekani ya kuonyesha ugeni. Anayetamka Ndugu na Ndege kila siku haihitaji. Ororo ni mhusika mkubwa licha ya chanzo hicho.

Ninunue toleo gani la mkusanyo? Ya zamani ni ghali mno.

Juzuu ya kwanza ya Omnibus, mkusanyo mnene, inafika 131 na ya pili inaanzia 132, hivyo mkasa wa Dark Phoenix umekatwa katikati. Ukinunua moja utajuta. Mkusanyo mwingine, Essential X-Men, hauna rangi, karatasi yake ni duni, lakini wino wa Austin unaonekana wazi kuliko popote. Kwa kusoma, rangi ni bora. Kwa kujifunza kuchora, chukua Essential.

Jihadhari na Classic X-Men, iliyoanza kutoka 1986. Inaonekana kama nakala ya matoleo ya zamani, lakini Claremont alipachika humo kurasa mpya, na nyuma kuna visa vifupi ambavyo vingi vilichorwa na John Bolton. Visa vya Bolton ni vizuri sana, vingine vinashinda hadithi kuu. Shida ni kwamba watu hubishana kuhusu "alichofanya Byrne mwaka 1978" wakinukuu ukurasa uliochorwa miaka minane baadaye na mtu mwingine. Kabla ya kubisha, soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza. Jina la jarida na mwaka vimeandikwa hapo.