Nina shahada, natamani kurusha ndege za jeshi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Ujiji na mwaka huu nimehitimu shahada ya fizikia na hisabati. Tangu utotoni natamani kurusha ndege za kivita, na sasa nafikiria kuomba nafasi ya uofisa katika JWTZ. Mama analalamika kwamba sikusomeshwa ili nikabebe bunduki, ilhali rafiki zangu wanadai kuwa mwenye shahada huingia moja kwa moja kwenye urubani. Nimsikilize nani? Msomaji, Ujiji.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wanakupotosha zaidi ya mama. Jeshi humfanya mtu kuwa askari kwanza, kisha ofisa, na urubani hufuata baadaye kwa wachache waliochaguliwa. Utaanza na mafunzo ya awali, na ukiteuliwa kuwa ofisa mwanafunzi utapelekwa Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambako wanaohitimu hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu na kuanza na cheo cha Luteni Usu. Hapo kwenu Kigoma mna kambi za JKT za Bulombora, Mtabila na Kanembwa. Watafute vijana waliopitia huko wakueleze maisha ya kwata na ya kuamshwa usiku, kwa sababu asiyeyaweza hayo hatakifikia chumba cha rubani.

Kabla ya yote, nenda ukapimwe macho katika Hospitali ya Maweni. Usiishie kwenye kusoma herufi ukutani, bali omba pia kipimo cha rangi, kile cha kurasa zenye madoa ya rangi mbalimbali ambamo tarakimu imefichwa. Wapo watu waliofika utu uzima bila kujua kwamba nyekundu na kijani huwachanganya. Angani si jambo dogo: taa ya ubawa wa kushoto wa ndege ni nyekundu na ya kulia ni kijani, na redio ikizimika, mwongoza ndege humruhusu rubani kutua kwa mwanga wa kijani usiopepesa, au humwamuru aendelee kuzunguka na kuwapisha wengine kwa mwanga mwekundu.

Swali ambalo hukuuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni hili: je, ukipangiwa rada, ufundi wa ndege au hali ya hewa, utaitumikia kamisheni yako kwa moyo mmoja? Kamandi ya Anga inahitaji maofisa wengi wasiorusha ndege, na mtu wa fizikia anaweza kabisa kuangukia huko. Isitoshe, urubani wa kijeshi hufunga mkataba mrefu. Nchini Marekani, kwa mfano, rubani wa Jeshi la Anga hudaiwa utumishi wa miaka 10 tangu amalize mafunzo ya kurusha ndege. Kama unachotaka ni usukani tu, fikiria njia ya kiraia, ingawa ada yake ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Mama usimpuuze, lakini mweleze kwamba jeshini shahada yako haitakaa bure. Fuatilia matangazo ya JWTZ yenyewe, uangalie hasa kikomo cha umri, na yeyote atakayekuomba fedha ili akupatie nafasi mripoti polisi.