Kanga sita, ua mmoja

SWALI: Shikamoo Babu. Nina kanga sita uani kwangu. Niliwachukua vifaranga mwaka jana, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ninacho, wamekua pamoja bila neno. Tangu masika yaanze, dume mmoja hampi mwenzake nafasi. Jana nimemkuta mnyonge kajibanza nyuma ya mtungi, utosi una damu, mgongoni hana manyoya. Nimchinje huyu mkorofi?
Mfugaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisu kirudishe jikoni. Ukimchinja huyo, wa pili wake atashika ubabe ule ule, nawe utachinja mpaka uishiwe.

Kanga kiangazi hukaa kundi moja. Mvua ikinyesha hujitenga wawili wawili, na dume hataki dume mwenziwe asogelee jike lake. Porini aliyeshindwa hutimua mbio, yakaisha. Uani kwako akimbilie wapi? Huzunguka ukuta, akarudi pale pale mbele ya adui.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Hapa Malindi niliwahi kuweka watano katika banda la hatua nne kwa tatu. Nikakaa na kahawa yangu alasiri tatu, nikiwatazama. Yule mkubwa hakuwa akipiga ovyo. Kwanza huinua mbawa mgongoni mpaka ukadhani ana kibyongo, kisha hupita ubavuni mwa mwenziwe taratibu, kama bwana harusi. Wenzake walipisha. Mmoja hakupisha, kwani nyuma yake palikuwa ukuta. Siku ya nne nikamzika, na kahawa ile hata leo naiona chungu.

Basi mnyonge mtoe leo hii. Wakiona damu, hata wapole huja kudonoa. Mwoshe kwa maji ya chumvi, umweke kwenye tenga pale pale uani, waonane, asije akarudi mgeni. Egemeza makuti ukutani, pembe tatu nne, apate pa kupotelea machoni. Chakula na maji viwe vyombo viwili, mbali mbali.

Halafu tega sikio. Jike ndiye mwenye mlio wa vipande viwili, cha pili kikipanda. Dume hana huo. Jike naye akishtuka hulia kipande kimoja kimoja, kwa hiyo sikiliza siku mbili tatu kabla ya kuhesabu. Ukikuta madume manne kwa majike mawili, ugomvi umekwisha kuujua. Madume mawili yatafutie ua mwingine, kwa mwenye kibali kama wewe.